Mkono Usiovimba

Oktavia wa Mahongole aliugua ndui akiwa mtoto, kabla meno ya utotoni hayajamtoka. Ugonjwa ulimwachia uhai na ukamwachia uso wenye mashimo madogo madogo, mfano wa vumbi lililopigwa na manyunyu ya kwanza. Watu walimzoea hivyo. Enoki naye alimwoa hivyo, wakapata watoto, na baada ya mzaliwa wao wa kwanza hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Akawa Mama Yoeli. Alilima vizuri, alipika vizuri, na kwa miaka mingi uso wake haukumsumbua kuliko umande wa asubuhi unavyomsumbua mtu anayekwenda shambani.

Kilichomsumbua kilikuja na Fidelia.

Fidelia alikuwa binti wa mwalimu wa Kidugala. Kristofa, kaka mkubwa wa Enoki, alichelewa kuoa, na alipooa alimleta nyumbani msichana ambaye ngozi yake ilikuwa laini kama ganda la yai. Mama mkwe wao, Bibi Hulda, alimpokea kwa machozi ya furaha. Oktavia alikuwa amesimama pale pale na mtungi wa maji kichwani, akajaribu kukumbuka kama siku yake mwenyewe ya kuolewa kuna mtu aliyelia. Hakukumbuka.

Kisha vita vya Wazungu vikamchukua Kristofa, naye hakurudi. Habari zililetwa kutoka Boma la Njombe kwamba amefia Burma, nchi ambayo hakuna mtu wa Mahongole aliyeweza kuonyesha kwa kidole iko upande gani. Fidelia akabaki mjane na binti mmoja mdogo, Emilia. Matanga yalipokwisha, Yoramu, baba mdogo wa Enoki, akaanza kusema kwamba nyumba ya marehemu haiachwi ikazimika moto. Maana ya maneno hayo ilijulikana na kila mtu: alitaka Enoki amrithi mke wa kaka yake, kama ilivyokuwa desturi kabla watu hawajabatizwa.

Mchungaji alisema wazi kwamba mwenye wake wawili hatakaribia Meza ya Bwana. Yoramu alijibu kwamba yeye mwenyewe hajaikaribia kwa miaka mingi na bado anakula. Wazee wakacheka, wakapitishiana kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Enoki peke yake hakucheka, wala hakukataa mbele ya watu. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto, na Oktavia alikuwa ameupenda ukimya huo. Sasa aliusikiliza usiku na mchana kama mtu anayesikiliza panya darini. Mume ambaye hasemi hapana, aliwaza, anangoja wakati wa kusema ndiyo. Tangu hapo maisha yake yote yakawa na swali moja tu: Je, Enoki atamchukua Fidelia?

Mambo yalikuwa yamefikia hapo wakati chanjo ilipoletwa Mahongole, mwaka mmoja baada ya vita kwisha.

Aliyeileta ni Ezekia, Mkinga kutoka Makete, aliyefanya kazi katika zahanati ndogo karibu na njia panda ya Makambako. Watu walimwita dresa, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kufunga vidonda. Ndui ilikuwa imeonekana katika kambi za mkonge huko kaskazini, na manamba waliokuwa wakirudi makwao walipita Makambako kila siku juu ya malori. Ezekia aliwapanga watu mbele ya kanisa. Kila mmoja alidondoshewa mkononi tone la dawa kutoka kwenye mrija mwembamba wa kioo, kisha akachanjwa kidogo kwa sindano juu ya tone lile. Alipomaliza aliwasihi wote waache mikono ikauke yenyewe. Wasifute. Wasipake kitu chochote.

Lakini Bibi Hulda alikuwa amelea watoto wengi kwa sheria moja: kidonda chochote, hata cha mwiba, huoshwa kwa maji ya moto na kupakwa majivu yaliyokandwa na utomvu wa majani, kabla upepo haujakiingia. Watu wa makamo yake wote walifanya hivyo. Alimwonea huruma Fidelia, mjane, mkono mzuri namna ile ukichubuliwa na sindano ya serikali. Walipofika nyumbani akamkalisha kwenye kigoda jikoni, akamwosha, akampaka.

Oktavia aliyaona hayo kupitia upenyo wa ukuta wa mianzi. Akangoja kuitwa. Aliwanawisha watoto wake, akachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, akangoja tena. Bibi Hulda akatoka nje, akamwaga maji ya moto yaliyobaki, akaenda zake kuwatazama kuku.

Kabla juma halijaisha mikono ya kijiji kizima ilianza kuota vipele. Vilivimba, vikajaa maji, watoto wakalia, wakubwa wakalinganisha. Huenda jambo hili litamshangaza msomaji wa leo, lakini katika siku zile kipele kizuri kilikuwa fahari. Dresa alikuwa amesema kwamba anayeota kipele amekubaliwa na dawa, na watu walikunja mikono ya mashati ili wapita njia waone. Mkono wa Fidelia uliwashinda wote. Ulivimba kutoka begani hadi kiwiko, ukawa mwekundu na wa moto, naye akapata homa, hata akashindwa kuinua mchi. Bibi Hulda alimpikia uji. Asubuhi moja Oktavia alitoka nje akamkuta Enoki anapasua kuni mbele ya nyumba ya Fidelia.

“Shemeji hawezi kushika shoka,” Enoki alisema alipomwona mkewe amesimama.

Oktavia alitazama mkono wake mwenyewe. Mahali alipochanjwa palikuwa pamewasha siku ya pili, pakainuka kidogo kama palipoumwa na mbu, kisha pakatulia. Hapakuwa na maji, hapakuwa na homa, hapakuwa na kitu cha kumfanya mwanamume ashike shoka. Aliona kijiji kizima kimekubaliwa na dawa isipokuwa yeye. Alibeba mtungi, akateka maji ya nyumba tatu, yake, ya mama mkwe na ya Fidelia, akatwanga mahindi ya nyumba tatu, na kila mchi uliposhuka kinuni alisikia kama unataja jina la Fidelia.

Ezekia aliporudi kukagua mikono, Oktavia alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alimwonyesha mkono wake kwa hasira, akamwambia kwamba dawa aliyompa ilikuwa maji matupu, na kwamba anataka achanjwe upya, na safari hii vizuri, kama wenzake.

Ezekia alitazama mkono, kisha akatazama uso. Akatabasamu.

“Mama, wewe umekwisha kupigana vita hivi,” alisema. “Wenzako ndiyo kwanza wanaanza.”

Alipoona hajaelewa, akamweleza kwa mfano wa shamba. Ndani ya damu ya mtu, alisema, mna walinzi, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Wako wanaozunguka tu na kumvamia mgeni yeyote wanayemkuta, wakammeza. Usaha unaotoka kidondani ni maiti za walinzi hao, pamoja na adui zao. Wako na wengine, wazito zaidi, ambao hujifunza. Nguruwe mwitu wanapoingia shambani mara ya kwanza, walinzi hawa hawajui nyayo zao wala njia yao, na mpaka wazijue, nusu ya shamba imekwisha kuharibika.

“Mashimo yaliyo usoni pako ni shamba lililoharibika siku ile. Lakini ulishinda, na walinzi waliojifunza hawakwenda kulala. Mpaka leo wapo. Nilipokuchanja, nguruwe ametia pua tu kwenye uzio, akawakuta wamesimama na mikuki. Ndiyo maana hapakuvimba.”

“Kwa hiyo mkono wangu umenyamaza kwa sababu una nguvu?”

“Kwa sababu una kumbukumbu.”

Siku hizi vitabu vya shule vinatueleza jambo hilo hilo kwa majina yake: chembe nyeupe za damu, na kingamwili ambazo baadhi ya chembe hizo huzitengeneza, kila kingamwili ikimfaa adui mmoja kama ufunguo unavyoifaa kufuli moja. Ezekia hakuwa na majina hayo yote, na Oktavia asingeyajali. Alirudi nyumbani hajafurahi. Kumbukumbu ni kitu kizuri, aliwaza, lakini haimpasulii mtu kuni.

Siku hiyo hiyo Ezekia aliuliza kama kuna mtu ambaye hakufika kukaguliwa. Bibi Hulda akajibu kwamba yuko Fidelia, amelala kwa homa, lakini mkono wake umeota kuliko wa mtu yeyote. Ezekia akauliza kama alipakwa kitu. Bibi Hulda akasema hakupakwa kitu, kwa kuwa kwake majivu hayakuwa kitu, yalikuwa usafi. Oktavia alikuwa amesimama nyuma yake. Angeweza kusema. Lakini alifikiri: nikisema, dresa naye atakwenda kumkalia kitandani, na huko ndiko wote wanakokaa. Akafunga mdomo.

Uvimbe wa Fidelia ukapasuka, ukatoa usaha mwingi, ukapona. Akaendelea na biashara yake ndogo ya kuwauzia abiria wa malori maharage na viazi vya kuchemsha pale Makambako. Siku moja alimpa chakula manamba mmoja aliyejifunika blanketi hadi kichwani, akamshikia bakuli kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Haukupita muda mrefu Fidelia akarudi nyumbani na maumivu ya mgongo na homa kali. Vipele vilipotokea, vilianzia usoni.

Ezekia alikuja upesi. Alipoukagua mkono ule uliosifiwa, aliuliza tena swali lake la zamani, na safari hii Bibi Hulda alisema kweli. Ezekia akaeleza bila kumkaripia. Maji ya moto na majivu vilikuwa vimeiua dawa kabla mwili haujakutana nayo, na utomvu ukaingiza uchafu kwenye mchubuko. Walinzi wa Fidelia walikuwa wamepigana kweli, lakini walipigana na uchafu, wakajifunza nyayo za uchafu. Nyayo za ndui hawakuwahi kuziona. Uvimbe ule mkubwa haukuwa chanjo.

Kwa desturi ya watu wa huko, mgonjwa wa ndui hujengewa kibanda mbali na nyumba, na hakuna anayeingia isipokuwa yule ambaye ndui ilikwisha kumpitia. Ezekia aliiunga mkono desturi hiyo. Alisema hapo wazee na hospitali walikuwa na neno moja. Vijana wakajenga kibanda ukingoni mwa bonde, nyuma ya mianzi. Waliowahi kuugua pale kijijini walikuwa wawili: mzee Efraimu, aliyekuwa amepofuka, na Oktavia. Watu wote wakamtazama Oktavia.

Oktavia aliingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Tusimhukumu haraka. Mwanamke yule aliyelala kule nje ndiye aliyemnyima usingizi kwa miaka. Ugonjwa huu ulikuwa umekuja wenyewe, bila Oktavia kuuita, na kama ungemchukua Fidelia, swali la Enoki lingekwisha. Alikaa mbele ya moto na wazo hilo, nalo halikumtisha kama alivyotegemea. Hilo ndilo lililomtisha.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Bibi Hulda, na kwa mara ya kwanza tangu Oktavia aolewe, alibisha kama mgeni.

“Kamwene, Mama Yoeli.”

“Kamwene, mama. Karibu.”

Bibi Hulda hakukaa. “Mimi ndiye niliyemwosha dawa,” alisema.

“Nilikuona.”

“Uliniona, ukanyamaza? Mbona hukumwambia dresa?”

“Mbona mimi hukunipaka?”

Wakatazamana juu ya moto, yule mzee na huyu wa makamo, na maneno ya miaka yote waliyoishi ua mmoja yakawa yamekwisha kusemwa. Kisha Bibi Hulda akasema polepole kwamba hakuwahi kumfikiria Oktavia kuwa mtu anayeumia. Alimwona kama nguzo ya katikati ya nyumba. Nani huipaka nguzo dawa?

Oktavia akachukua blanketi lake, sufuria na kibuyu cha maji, akaenda kibandani. Hakusema kama amesamehe.

Aliyoyaona mle ndani aliyajua kwa kuyasikia tu, maana ya kwake mwenyewe alikuwa ameyasahau. Uso laini ulitoweka chini ya vipele, kope zikagandana, mdomo ukavimba hata uji ukawa hauingii ila kwa tone. Oktavia alimlowanisha midomo kwa kitambaa. Alimfukuzia nzi. Alimshika mikono ili asijikune, na Fidelia alipoweweseka alimwita mama yake wa Kidugala, na mara nyingine alimwita Kristofa. Oktavia alisikiliza kwa makini kama atalitaja jina jingine. Hakulitaja.

Chakula Enoki alikileta kila jioni, akakiweka juu ya jiwe kando ya njia, mbali na mianzi, kwa kuwa Ezekia alikuwa ameonya kwamba Oktavia mwenyewe hataugua lakini nguo zake zinaweza kubeba ugonjwa. Akisha kukiweka, Enoki alisimama akaita kwa sauti: “Mgonjwa anaendeleaje?”

Kila jioni swali lilikuwa hilo. Oktavia alijibu kwamba yu hai, kisha akaketi akala chakula chenye ladha ya majani makavu. Mume hamuulizi mkewe kama amelala, kama ana baridi, kama mgongo unamuuma. Mgonjwa, mgonjwa tu. Wivu aliodhani ameuacha nyumbani ulikuwa umemfuata mpaka huku, ukakaa naye kibandani, wa tatu wao.

Jioni moja, vipele vikiwa vimeanza kukauka na kufanya magamba, hakuvumilia tena.

“Njoo umuulize mwenyewe,” alisema kutoka mlangoni. “Miguu unayo.”

Kule njiani kukawa kimya, ule ukimya wake. Kisha Enoki akasema, “Simuulizii yeye, Mama Yoeli. Siku akipona ndiyo siku utakayorudi nyumbani. Ninahesabu kwa huyo, kwa sababu kwako sina cha kuhesabia.”

Oktavia alisimama na sufuria mkononi.

“Na baba mdogo Yoramu? Mbona hujamjibu?”

“Nilimjibu siku ile ile matanga yalipokwisha, tukiwa wawili tu. Nilikataa. Anaendelea kusema kwa sababu ulanzi unaendelea kuwapo.”

“Hukuniambia.”

“Hukuniuliza.”

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemsikiliza kwa miaka miwili, na hakuwahi kumwuliza. Nyuma yake, ndani ya giza la kibanda, sauti dhaifu ikasema kwamba kama wamemaliza kuulizana, yeye ana njaa. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mzaha ya Fidelia tangu aanze kuugua, na Oktavia aligeuka upesi ili Enoki asimwone anacheka.

Fidelia alipona. Kibanda kilichomwa moto pamoja na mablanketi yote mawili. Alipotoka kwenye mianzi uso wake ulikuwa kama wa Oktavia, au mbaya zaidi kidogo, kwa sababu mashimo yake yalikuwa mapya. Kusema kweli, Oktavia aliuangalia uso huo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kikao cha ukoo kilipokaa tena, Yoramu alikuwa na maneno mengine. Alisema sasa hakuna haja ya kumlazimisha Enoki. Mjane akae tu na mtoto wake, maana hata yule ambaye angemtaka, kwa hali ilivyo, ingekuwa vigumu. Akainamisha macho kwa huruma. Hilo ndilo jambo ambalo Oktavia alikuwa ameliombea tangu Kristofa afe. Basi haikueleweka kwa nini alisimama katikati ya wanaume, akiwa na sinia la viazi.

“Baba mdogo,” alisema, “uso unaousema na mimi ninao. Nitazame, kisha urudie.”

Yoramu alitazama kibuyu chake. Fidelia, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, akasema kwamba yeye hajawahi kuomba kurithiwa na mtu, na kama wangemuuliza mwanzoni wangeokoa ulanzi mwingi. Nyumba yake anayo, shamba analo, Emilia anaye.

Baada ya miaka michache Ezekia alikuja tena na mirija yake ya kioo. Safari hii Bibi Hulda alikuwa mlinzi mkali wa mikono. Alikaa mlangoni na fimbo, akamfukuza kila aliyekaribia maji ya moto. Mikono ya watoto waliozaliwa karibuni ilivimba, na ya wakubwa nayo kwa kiasi chake, kwa kuwa Ezekia alisema walinzi wa chanjo husahau polepole na wapaswa kukumbushwa. Ua mzima ulilalamika. Enoki mwenyewe alishindwa kuinua shoka. Mikono miwili tu ndiyo iliyowasha kidogo na kunyamaza.

Kwa hiyo ni Oktavia na Fidelia waliokwenda kutafuta kuni za nyumba tatu. Waliporudi, Fidelia alilalamika njia nzima kwamba kama angejua walinzi wake ni hodari kiasi hiki, angewaomba wajifanye wamelala mpaka kazi iishe. Oktavia alimwambia anyamaze, anapoteza pumzi. Wakatua mizigo juu ya kilima kupumzika. Fidelia akaenda kando kutafuta maji ya kunywa, akimwacha mwenzake peke yake.

Oktavia akaupima kwa macho mzigo wa Fidelia, akauona ni mdogo kuliko wake. Akatazama huku na huku. Kisha akachomoa ukuni mmoja kwenye mzigo wake, akauchomeka katikati ya ule wa Fidelia, akakaza kamba vizuri.